Zilipendwa: Mapenzi ya wazee na lugha yanamokaa

Karibu kila redio nchini ina kipindi chake cha zilipendwa. Wewe msomaji, umewahi kulitazama neno hilo kwa jicho la sarufi? Tunalitumia kama nomino, lakini ukilichambua utaona ni sentensi nzima. Mna zi- ya ngeli, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, -w- ya kutendwa, na kiishio -a. Kitu kimoja tu hakimo: mtenda. Tunaambiwa kwamba zilipendwa, lakini hatuambiwi zilipendwa na nani, wala zilipendwa pamoja na nani. Anayejua ni yule mzee aliyeketi kando ya redio, ambaye wimbo ulipoanza alinyamaza ghafla, akasahau hata chai yake.

Leo nataka kumzungumzia mzee huyo. Katika jamii yetu mapenzi tumeyakabidhi vijana. Mzee tunamwachia hekima, maradhi, na nasaha za harusini. Siku akiteleza akamtaja mtu aliyempenda zamani, kabla ya ndoa au kabla ya kufiwa, wajukuu huangua kicheko: "Kumbe babu naye alikuwa na mambo yake!" Watoto wake hutazama chini kwa haya. Mazungumzo hugeuzwa haraka yakaenda kwenye bei ya unga au siasa. Nadhani tunapocheka hivyo tunapoteza kitu kikubwa kuliko tunavyodhani, na mtu wa lugha anapaswa kuwa wa kwanza kukiona.

Hoja yangu ni hii. Mapenzi yaliyopotea hayakai moyoni peke yake, jinsi nyimbo zinavyotuambia. Hukaa ndani ya lugha. Watu wawili wanaopendana kwa muda wa kutosha hujitengenezea namna yao ya kusema: majina ya kuitana, utani usioeleweka na mtu wa tatu, neno la kawaida lililopewa maana nyingine. Mmoja akiondoka, kwa kifo, kwa talaka au kwa kutenganishwa na dunia, lugha hiyo hubakiwa na msemaji mmoja. Wanaisimu hufunga safari ndefu kumtafuta msemaji wa mwisho wa lugha inayokufa. Wamekwenda Mukogodo kuwarekodi wazee wachache waliokuwa bado wanakijua Kiyaaku. Wamekwenda ufuoni mwa Ziwa Turkana kuwatafuta Waelmolo. Lakini katika kila kijiji, na katika kila ghorofa ya mtaa wa mjini, ameketi msemaji wa mwisho wa lugha ya watu wawili, na hakuna anayemwendea.

Historia ya pwani yetu ina mfano mmoja ambao haujanitoka akilini kwa miaka mingi. Ni wa Sayyida Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Msirkasi aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto mdogo. Salme mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika jumba lile zilisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi, Kihabeshi, na bila shaka Kiswahili. Mbele ya baba, Kiarabu ndicho kilichotakiwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya nje ya baraza rasmi, lugha ya walezi na ya watoto wakicheza.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza kwanza. Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Mwaka 1859, Barghash alipopanga kumpindua ndugu yake Majid, Salme ndiye aliyewaandikia wapinzani barua zao. Njama ilishindwa. Mwaka huohuo mama yake akafa. Kabla ya kutimiza miaka 20, alikuwa hana baba wala mama, na nusu ya ndugu zake walikuwa hawamtaki.

Katika upweke huo ndipo alipomfahamu jirani yake. Heinrich Ruete alikuwa kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba zao mjini Zanzibar zilipakana. Salme akawa na mimba, na hiyo katika familia ya kisultani lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Huko ndiko alikobatizwa mwaka 1867, akaitwa Emily, akafunga ndoa na Heinrich, na wote wawili wakaondoka kwenda Ujerumani. Mtoto yule wa kwanza alifariki angali mchanga.

Sasa tuje kwenye lugha. Salme alipowasili Hamburg hakujua Kijerumani. Heinrich alikuwa ameishi Zanzibar na alijua Kiswahili. Kwa hivyo, katika nyumba ile ya Ulaya kaskazini, katikati ya baridi na theluji, mume na mke walizungumza Kiswahili. Hebu fikiri. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili kilivuka bahari kama lugha ya biashara na ya misheni. Lakini mojawapo ya nyumba za kwanza za Ulaya ambamo kilisemwa kila siku ilikuwa nyumba ya wapenzi wawili. Hapakuwa na darasa, wala kamusi, wala bwana na mtumishi wake.

Haikudumu. Wakapata watoto watatu, wa mwisho akizaliwa mwaka 1870. Agosti ya mwaka huohuo Heinrich alipata ajali ya tramu mjini Hamburg, akafa. Salme alikuwa bado hajatimiza miaka 26. Amebaki na watoto wadogo watatu, fedha kidogo, na jina ambalo kwao lilikuwa haramu kulitaja. Na jambo lisiloandikwa sana katika vitabu vya historia ni hili: siku ile alifiwa pia na msikilizaji wake. Mtu wake wa karibu ambaye angeweza kumwambia neno moja la Kiswahili, akajibiwa, alikuwa amezikwa.

Aliishi miaka 53 zaidi. Naomba msomaji usiipite tarakimu hiyo upesi. Ndoa ilidumu miaka mitatu na ushei. Kumbukumbu ilidumu zaidi ya nusu karne. Alihamahama katika miji ya Ujerumani akitafuta riziki, akafundisha Kiarabu. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza, madai yake ya urithi yakiwa yamegeuzwa na serikali ya Bismarck kuwa kijiti cha kumchokonolea Sultani Barghash. Barghash, yule ndugu aliyemwandikia barua ujanani, alikataa kumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu. Baadaye aliishi Beirut kwa miaka mingi, mahali ambapo angalau adhana ilisikika, kisha akarejea Ujerumani mwaka 1914. Alifariki mjini Jena mwaka 1924 akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na Heinrich wake. Katika vitu vyake mlikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar. Walimzika nao.

Wasimulizi wengi hukipenda kile kifuko cha mchanga, na hapo husimama. Mimi hunivutia zaidi maandishi yake, maanake aliandika mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni kitabu kikubwa kuhusu jumba, sikukuu, mavazi, malezi na fitina za ndugu. Lakini kisa cha yeye na Heinrich, jambo lililoyageuza maisha yake yote, kimepewa nafasi ndogo mno, kama mtu apitaye mbele ya mlango uliofungwa. Aliacha pia maandishi mengine, barua ndefu zilizoelekezwa kwa rafiki wa Zanzibar, ambazo hazikuchapishwa uhai wake. Zilitoka kitabuni mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Humo ndimo huzuni ya ujane ilimo. Kwa umma alieleza nchi iliyopotea. Kwa rafiki alieleza mtu aliyepotea. Na hata huko, Kijerumani ndicho alichoandikia. Maneno ya Kiswahili waliyoambiana yeye na mumewe hatunayo, zaidi ya kujua kwamba yalikuwapo.

Je, Mswahili wa wakati ule angeweza kuandika waziwazi kuhusu mwenza aliyempoteza? Ndiyo, na tena kwa Kiswahili. Wakati Salme angali msichana jumbani, huku kwetu kaskazini, katika visiwa vya Lamu, alikuwapo mwanamke mwingine. Mwana Kupona binti Msham alikuwa ameolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mtu ambaye hakukubali kuinamishwa na Sayyid Said, baba yake Salme. Kwa hivyo nyumba za wanawake hawa wawili zilikuwa maadui. Lakini kifo hakichagui upande wa vita: Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Sayyid Said.

Miaka miwili hivi baadaye, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi ambao hadi leo tunaufundisha vyuoni. Tunaufundisha, mara nyingi, kama utendi wa maadili ya mke, na kila mwaka wanafunzi wangu wa kike huupinga kwa nguvu. Wana haki ya kuupinga, na mimi huwaachia uwanja. Lakini huwaomba waurudie mahali pamoja. Katikati ya mawaidha, mama huyu anaacha kuamrisha na kuanza kukumbuka. Anamweleza bintiye jinsi alivyoishi na mumewe bila ugomvi, na jinsi mauti yalipofika mume yule alivyomkaririia radhi zake. Hapo si mwalimu tena. Ni mjane mgonjwa anayemsimulia mtoto jinsi baba yake alivyomwaga mama. Mwana Kupona hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki yapata mwaka 1860.

Tofauti ya wajane hawa wawili ni msikilizaji. Wote walikuwa na kumbukumbu, na wote walijua kuandika. Mwana Kupona alikuwa na binti aliyekaa karibu na kitanda, mwenye lugha moja naye, na maneno yake yakapita kutoka mdomo hadi karatasi hadi kwetu. Salme alikuwa na watoto waliokulia Ujerumani, mmoja wao akawa afisa wa jeshi la huko. Alichowarithisha ilibidi kwanza kivuke lugha, na si kila kitu huvuka.

Najua pana wasomaji watakaoniambia: Profesa, usitupake asali. Kumbukumbu ya mzee ni shahidi asiyeaminika. Nakubali, na Salme ndiye mfano bora wa hilo pia. Katika kitabu chake alimpamba Sayyid Said na jumba la Mtoni hadi likang'aa. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa wa Zanzibar, yeye ambaye mama yake mzazi alinunuliwa akiwa mtoto. Karafuu zilizolipia yale mavazi na zile sikukuu zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa mjini Zanzibar halikufungwa hadi mwaka 1873, miaka saba baada ya yeye kutoroka. Mwaka 2019 kiwanja kimoja mjini Hamburg kilipewa jina lake. Muda si mrefu watu wakayakumbusha maandishi yake hayo, na jina likaondolewa.

Watu wa Hamburg walikuwa na haki. Jina la kiwanja ni heshima, na heshima huulizwa maswali. Lakini mwanahistoria hafanyi kazi ya kutoa na kuondoa majina ya viwanja. Yeye hujiuliza: mbona kumbukumbu ikasafishwa hivi? Mtu aliyefiwa na kila kitu hulisafisha lile alilobakiwa nalo, maana hana jingine. Mahaba yakipotea, nyumba yalimoanzia huwa nzuri kuliko ilivyokuwa; baba huwa mpole zaidi; hata waliobeba sinia hukumbukwa wakitabasamu. Kwa hivyo mzee anapotusimulia, tuna kazi mbili kwa wakati mmoja. Tumsikilize kwa upole, kisha tuulize ni nani aliyebeba sinia. Ukifanya la kwanza bila la pili, umeandika hadithi tamu. Ukifanya la pili bila la kwanza, utaondoka bila kuambiwa lolote.

Tusidhani kwamba haya ni ya mabinti wa masultani tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya masimulizi ya wazee wa Murang'a kuhusu Hali ya Hatari. Nilikwenda na maswali yangu ya kawaida: vijiji vya lazima, mitaro, amri ya kutotoka nje, nani alikula kiapo. Bibi mmoja, aliyekuwa amekaribia miaka 80, alinijibu yote kwa Gĩkũyũ safi, kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu vikapu. Kisha akamtaja kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Walikuwa wamekubaliana. Kijana huyo alikamatwa katika ile Operesheni Anvil ya Aprili 1954, maelfu walipokusanywa jijini na kupelekwa kambini. Yeye alipelekwa Manyani.

"Alikuambia nini mara ya mwisho?" nikamuuliza.

Bibi akabadili lugha. Aliacha Gĩkũyũ, akasema kwa Kiswahili, polepole: "Aliniambia, wewe ngoja mimi. Narudi na kitanda ya chuma."

Kisha akarudi kwenye Gĩkũyũ na kuendelea na habari za mitaro.

Kijana alirejea mwaka 1959. Bibi alikuwa ameshaozwa kwingine na ana watoto wawili. Wakazeeka kwenye kilima kimoja, wakikutana kanisani na kwenye matanga, wakisalimiana kwa heshima kama majirani wowote. Huyo mwanamume alikuwa amekwisha kufa nilipofika. Bibi hakulia, wala hakusema kwamba anajuta. Alimheshimu mumewe, akanionyesha kaburi lake lililopaliliwa vizuri. Lakini maneno yale machache ya Kiswahili cha mjini alikuwa ameyahifadhi kwa zaidi ya miaka 50, bila kuyatafsiri.

Tuliporudi chuoni, msaidizi wangu wa utafiti, kijana hodari wa sarufi, aliandika kwenye nakala: "kitanda cha chuma". Nilimwambia arudishe ilivyokuwa. Akaniuliza, "Lakini Prof., si ni kosa la upatanisho?" Ni kosa, naam, na darasani ningeliwekea wino mwekundu. Lakini pale haikuwa sarufi. Ilikuwa sauti ya kijana wa Nairobi ya mwaka 1954, kibarua aliyejifunza Kiswahili chake kazini na mtaani, aliyetaka kumvutia msichana wa kijijini kwa lugha ya mjini na kitanda kisicho cha mbao. Ukisahihisha ngeli umemfuta. Kuna habari nyingi za kihistoria katika ile "ya": habari za kazi, za uhamaji, za namna Kiswahili kilivyopanda milimani kikiwa mdomoni mwa vijana wenye matumaini.

Tazama pia kwamba bibi yule alibadili lugha. Angeweza kunieleza yote kwa Gĩkũyũ, maana ingefika. Ila alichokuwa amehifadhi hakikuwa maana. Kilikuwa maneno yenyewe, pamoja na mdomo uliyoyasema. Ndiyo maana nasema mapenzi hukaa ndani ya lugha.

Haya nayaandika nikiwa nami nimeingia katika kundi hilo. Kiswahili kina neno ambalo wengi wetu hatulijui mpaka lituhusu. Mwanamke aliyefiwa na mume ni mjane. Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane. Siku hizi watu humwita kila mmoja mjane, na sina ugomvi nao, lakini nimeanza kulionea huruma lile neno la pili. Limesahaulika, nadhani, kwa sababu tulidhani hatulihitaji: mwanamume akifiwa huoa tena, na akioa husemekana amepona. Mke wangu alikuwa mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na mimi mtu wa bara niliyekisoma Kiswahili vitabuni. Alikuwa na Kimvita chake ambacho miaka 30 na zaidi ya Nairobi haikukiondoa. Njia ilikuwa "ndia", mchele ulikuwa "mtele", na akitaka nije alikuwa akisema, "Ndoo." Mara nyingine, kumchokoza, nilikuwa nikimpelekea ndoo ya maji. Alikuwa akicheka kila mara, hata mzaha ulipokwisha kuchakaa.

Huu ni mwaka wa nne. Nina watoto wema wanaonipigia simu, nina wanafunzi, nina kazi ya kumalizia kabla sijastaafu. Kimvita nakisikia bado nikishuka Mombasa. Hata hivyo, hakuna aniambiaye "ndoo" kwa maana ile, yenye mzaha ndani yake. Neno lipo katika lahaja. Lile letu halipo. Kiswahili kina jina la hali hii: ukiwa. Si sawa na upweke. Mpweke yuko peke yake. Mwenye ukiwa anaweza kuwa amezungukwa na watu. Ila mahali palipokuwa na mtu sasa hapana, na pamebaki wazi.

Tusidanganyike kwamba mwanamume wa Kiswahili hakuruhusiwa kusema hivyo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alifiwa na mkewe wa kwanza, Amina, akamtungia shairi la maombolezo lenye jina lake, na katika tawasifu yake akamweleza bila kuona haya. Alioa tena, akaendelea na maisha, lakini jina la Amina hakulifuta. Huyo ndiye tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa. Kama yeye hakuona kwamba kumkumbuka aliyetangulia ni kumkosea aliyepo, sisi tumelipata wapi wazo hilo?

Najua swali litakalofuata, maana nimeulizwa na wanafunzi: je, si siri za watu hizo? Nyingine ni siri, na mzee akisema hapana, basi ni hapana. Wapo waliochagua kunyamaza kwa sababu ya watoto, au kwa sababu mapenzi yenyewe yaliwaumiza. Siwaambii vijana waende kuwapekua wazazi wao. Ninachosema ni kwamba wengi hawakuchagua kunyamaza. Walinyamazishwa na kicheko chetu. Wazee waliokuwa vijana wakati wa Hali ya Hatari sasa wamekaribia miaka 90 au wamevuka. Makavazi yetu yana faili za maafisa wa wilaya, hesabu za kambi, na hotuba za wanasiasa. Ukitaka kujua serikali ya kikoloni ilimfungia nani, utapata. Ukitaka kujua yule aliyefungiwa alimwambia nini msichana wake asubuhi ile, faili halisemi. Bibi ndiye asemaye, na bibi hana muda mrefu.

Kwa hivyo, msomaji, likizo hii ukienda nyumbani, keti na mzee wako. Usimuulize, "Ulimpenda nani?" Swali hilo ni kama la polisi, naye atakuambia alimpenda Mungu na nchi. Muulize, "Alikuwa akikuitaje?" Usiongeze jina, atajua unamzungumzia nani. Akijibu, andika vilevile anavyosema, kwa lugha anayoichagua, na ngeli usiziguse.